Kuku wa Baba katika Banda la Koko

Uani kwetu Moroni kulinuka chicha ya nazi. Si nazi yenyewe, ambayo kila mtu anaipenda, bali ile chicha inayobaki baada ya tui kukamuliwa mara ya pili, ikalala kwenye beseni hadi asubuhi na kuanza kuchacha. Changanya harufu hiyo na mavi ya kuku yaliyolowa mvua, ongeza mawe meusi ya ukuta yanayofuka mvuke jua likiyapiga, na utakuwa umeupata utoto wangu karibu wote. Wengine wakikumbuka utoto husema asumini. Asumini ilikuwepo, ilitambaa ukutani kwa jirani, lakini mimi naandika yaliyokuwa upande wetu wa ukuta.

Nyumba ilikuwa ya Koko. Koko ndivyo tunavyomwita bibi, na ninaposema nyumba ilikuwa yake sisemi kwa adabu tu. Kwetu kisiwani Ngazidja nyumba ni ya wanawake. Hutoka kwa mama ikaenda kwa binti, na mwanamume huja na sanduku lake la nguo akakaribishwa. Akikaa vizuri atakaa mpaka azikwe. Asipokaa vizuri, sanduku lake anajua liko wapi. Nyuma ya jiko, kati ya tangi la maji ya mvua na mpapai mmoja mkaidi usiozaa, palikuwa na banda la Koko la makuti na vipande vya bati, na ndani yake kuku kumi na tisa. Niliwahesabu asubuhi wakitoka na jioni wakiingia, na kila safari mara mbili, kwa sababu kuku hatulii akihesabiwa na hesabu ya mara moja ni uvumi tu. Walikuwa kuku wetu wa kienyeji, wadogo, wepesi, wa rangi zote isipokuwa ile unayoitaka. Wawili, jogoo mmojawapo, walikuwa vishingo, shingo tupu nyekundu kama wamenyolewa na kinyozi mwenye hasira. Mmoja manyoya yake yalisimama kinyumenyume, ungedhani kila siku ametoka kwenye kimbunga. Jogoo lao lilikuwa dogo kuliko kelele zake. Ungemshika yeyote kati yao kwa mkono mmoja, ila kwanza umkamate, na hapo ndipo ungejua kwa nini hawakuwahi kunenepa.

Kuku hao walikuwa na kazi. Wakati wa mapinduzi, vijana waliokuwa wakitawala walipiga marufuku harusi kubwa, ile tunayoiita anda, wakasema ni ufujaji. Wazee walinyamaza, wakaficha dhahabu, wakangoja. Kisha wazungu wa kukodiwa wakashuka pwani na bunduki, serikali ikaanguka, na harusi zikarudi. Sisemi wazungu walikuja kwa ajili ya harusi. Nasema tu kwamba tulipoanza kuzoea kuwaona mjini na nguo zao nyeusi, ngoma nazo zilikuwa zimeshaanza kulia tena. Mdogo wake mama, Mama Mdogo Sitti, aliyengoja mapinduzi yote mahari yake ikiwa kwenye maneno, sasa alipangiwa siku. Na Koko, mbele ya wanawake wa mtaa mzima, alitamka kwamba bwana harusi akiingia nyumbani mwetu hataona nyama ya kopo wala kuku wa sokoni. Atakula kuku wa uani, yeye na marafiki zake, siku zote za mwanzo, hadi waseme wameshiba. Maneno ya namna hiyo kwetu hayarudishwi. Mwanamke akitamka hivyo halafu sahani ikaja na paja la ukubwa wa kidole gumba, wajukuu wake watasimuliwa.

Baba naye alitoka Mutsamudu, kisiwa cha jirani. Alikuwa karani wa ghala bandarini, mtu mrefu, mpole, shati safi kila siku, na kwa watu wa Moroni alikuwa mgeni aliyeoa vizuri. Hakuwa amefanya anda katika mji wetu, kwa hiyo kwenye uwanja wa wanaume, bangweni, alikaa pembeni kabisa, mahali ambapo jua hufika mapema. Nyumbani alikuwa na kitanda, kiti kimoja barazani, na mama yangu. Hakulalamika. Lakini nilimwona akimtazama Koko anavyohesabu kuku wake wadogo kwa macho ya wasiwasi, na nikajua ameanza kufikiri. Mtu mpole akianza kufikiri peke yake, angalia mifuko yako.

Lazima nieleze jambo jingine kabla sijaendelea. Baba na Koko hawakuzungumza. Msidhani walikuwa na ugomvi. Hiyo ndiyo ilikuwa heshima ya mkwe na mama mkwe. Walisalimiana. Baba aliinamisha kichwa na kusema "Kwezi," Koko akajibu "Mbona," kama mkubwa anavyomjibu mdogo, na hapo maneno yao yalikuwa yamekwisha kwa siku hiyo. Lolote jingine lilipita kwa mtu wa tatu, na mtu huyo nilikuwa mimi, binti wa kwanza, mwenye miaka tisa na miguu myepesi. Baba angekuwa barazani na Koko jikoni, kati yao dirisha lisilo na kioo, na Koko angesema, "Echati, mwambie baba yako chai imeiva." Baba amesikia. Mimi najua amesikia. Koko anajua kwamba najua. Bado nilitembea hadi barazani, nikasema, "Baba, chai imeiva," naye akanituma nirudi na shukrani zilizokwisha kusikika.

Biashara niliyoifanya maisha yangu yote, sokoni Volo Volo na hata Dar nilikokipata Kiswahili hiki, niliianzia kwenye ukumbi ule wa kati ya jiko na baraza. Nilijifunza kwamba ujumbe una bei. Koko akisema, "Mwambie baba yako anatembea na viatu vyenye matope kama punda," nilifika barazani na kusema, "Koko anauliza kama mvua imekuchosha." Baba akisema, "Mwambie bibi yako wali wa leo haukuwa mbaya," nilifika jikoni na kusema, "Baba anasema hajawahi kula wali kama huu." Nilipunguza huku, niliongeza kule, na wote wawili wakaondoka na kitu mkononi. Sijui hata sasa jina jingine la biashara.

Basi Ijumaa moja baada ya sala, Baba alirudi na magunia mawili yanayotikisika. Mmoja wa wale wazungu wa bunduki, waliokaa kambini, alikuwa anaondoka nchini, na alikuwa na kuku wa kwao aliowafuga nyuma ya nyumba yake. Akawatoa kwa bei ya mtu anayewahi ndege. Baba aliyafungua magunia katikati ya ua, mchana kweupe, akiwa na uso wa mtu aliyeleta zawadi. Walitoka mitetea wanne, weupe, wanene, wenye vilemba vyekundu vilivyoangukia jicho, na nyuma yao jogoo la rangi ya kahawia ambalo, naapa, lilipochungulia kwenye gunia nilidhani ni mbuzi. Kila mmoja alikuwa sawa na kuku wetu watatu. Wazo la Baba lilikuwa rahisi: damu kubwa ichanganyike na damu ndogo, na kufikia harusi Koko awe na kuku wa kujaza sahani. Aliwafungulia mlango wa banda, akamwaga chicha na pumba kwenye beseni moja, akasimama nyuma akitabasamu.

Kuku wetu walikuja mbio kama kawaida. Wale wakubwa hawakukimbia. Walitembea, polepole, wakafika, wakajipanga kuzunguka beseni, na pakawa hapana nafasi. Jogoo letu dogo lilijaribu kulalamika. Lile la kahawia lilimpiga dafrau moja ya kifua, likaendelea kula. Kuku mwenye manyoya ya kinyumenyume alipanda juu ya tangi na hakushuka mpaka jioni. Banda lilikuwa na ngazi za kulalia za vijiti vyembamba, saizi ya wenyeji. Kuku mweupe wa kwanza alipopanda, kijiti kilivunjika, na waliokuwa juu wakaanguka pamoja naye. Nilihesabu. Ishirini na nne. Nilihesabu tena. Walikuwa wote, ila hakuna aliyekuwa mahali pake.

Koko alikuwa ameyaona yote kutoka mlango wa jiko. Angekuwa mtu mwingine aliyeleta kuku wale, angemuuliza palepale yuko wapi mjinga aliyemshauri. Lakini alikuwa mkwe wake, na mkwe haambiwi. Baba naye, angekuwa kwa mama yake, angeuliza, "Mama, nimekosea wapi?" Lakini mama mkwe haulizwi. Hivyo wakakaa wawili wale, kila mmoja anajua mambo yanaharibika, kila mmoja na heshima yake kamili, na kuku katikati wakadonoana.

"Echati," Koko alisema kesho yake, "mwambie baba yako kuku wake wazuri sana. Tunangoja tu waanze kula watu."

Nilikwenda barazani. "Koko anasema kuku wako wana hamu nzuri ya chakula."

Baba alitabasamu. "Mwambie wakishiba watatulia."

Nilirudi jikoni. "Baba anasema ataongeza chakula."

Kweli akaongeza, kwa sababu nilimwambia kwamba Koko ndiye ameomba. Wakubwa wakanenepa zaidi. Wetu wadogo wakawa wanaokota mabaki kwenye nyufa za mawe, wakaacha kutaga mmoja baada ya mwingine. Jogoo la kahawia lilipowapanda, liliwachubua migongo. Mama aliwapaka majivu na mafuta ya nazi. Mitetea weupe walitaga kila kukicha, kwa hilo siwezi kuwanyima haki yao, lakini walitaga popote walipokuwa wamesimama, kwenye kuni, chini ya mpapai, mara moja ndani ya kiatu cha Baba, halafu wakaondoka bila kugeuka nyuma. Hakuna hata mmoja aliyejua kuatamia. Koko akawapa jina la wanawake wa serikali, wale waachao watoto nyumbani waende ofisini.

Siku ya mambo kuharibika kabisa, yule kishingo mtetea alikuwa ameatamia mayai ya harusi. Koko mwenyewe alikuwa amemchagulia mayai, akamtengea kapu kwenye kona yenye kivuli. Mtetea mmoja mweupe akaona kapu, akaona majani laini, akaamua hapo ndipo pa kutagia leo. Aliingia mzima mzima, na kishingo akiwa ndani. Tuliposikia kelele, mayai yalikuwa yamepondeka, kishingo amekimbilia juu ya ukuta, na yule mweupe amekaa juu ya uji wa viini, ameridhika. Koko aliliinua kapu likichuruzika.

"Mwambie baba yako," alisema, "kuku wake watoke nyumbani kwangu. Au atoke nao."

Baba alikuwa msikitini kwa sala ya alasiri. Karibu kila ujumbe niliowahi kupeleka alikuwa ameshausikia dirishani, na kazi yangu ilikuwa kuulainisha tu. Huu hakuusikia mtu ila mimi, na Mama aliyekuwa akichambua mchele na ambaye mkono wake ulisimama juu ya ungo. Nilimtazama Mama. Mwanamke wa Moroni hamjibu mama yake kwa ajili ya mume. Nilikaa kwenye kizingiti nikapiga hesabu. Nikiupeleka ulivyo, Baba ataondoka leo leo, maana mpole naye ana kiburi chake, na akiondoka kwa neno kama hilo hakuna mlango wa kurudia. Nisipoupeleka, Koko atautuma tena Baba akiwepo.

Aliporudi nilimpokea kofia. "Koko anasema shangazi wa Mutsamudu hajatembelewa siku nyingi."

Baba alinitazama kama mnunuzi anayegeuza samaki aone shavu. "Kasema hivyo?"

"Kasema hivyo."

"Na kuku?"

"Kuku watafungwa kamba. Si neno."

Alitikisa kichwa polepole. Jioni alilitoa sanduku chini ya kitanda, na Mama akamkunjia nguo. Nilihesabu mashati yaliyoingia. Sita. Nilihesabu tena, kwa sababu mashati yake yote duniani yalikuwa sita.

"Na koti la Idi pia?" Mama aliuliza.

"Huenda kukawa na baridi."

"Mutsamudu? Baridi?"

Mama akalikunja koti vizuri sana, akalilaza juu, akaliwekea mkono kwa muda. Halafu akasema, "Mchukue Echati. Shule zimefungwa." Nilielewa. Mtu anayebeba binti wa watu hana budi kumrudisha.

Tulivuka kwa boti ya mizigo, tukafika Mutsamudu mimi nikiwa na rangi ya papai bichi. Shangazi Amina, dada mkubwa wa Baba, alikaa mtaa wa Hombo, juu kidogo ya hospitali, kwenye nyumba yenye ua wa mteremko. Kilikuwa kisiwa kingine na maneno mengine. Watoto wa pale walinitaka nirudie kila sentensi niliyosema ili wacheke, nami nikawafanyia hivyo hivyo hadi tukachoka. Shangazi alikuwa mnene, mwenye sauti, shiromani yake nyekundu, ile leso kubwa ya wanawake wa kisiwa kile, imefungwa kama mtu anayekwenda kupigana. Na uani kwake, asubuhi ya kwanza, niliona kitu ambacho nilidhani hakiwezekani. Kulikuwa na kuchi warefu wenye miguu kama ya korongo, kulikuwa na kuku wadogo wa kienyeji saizi ya wetu, kulikuwa na mabata, na mtetea mmoja mnene mweupe ndugu wa wale wa kwetu. Wote ua mmoja. Hakuna aliyekuwa juu ya tangi.

Baba alimsimulia habari za magunia. Shangazi alimsikiliza akimenya muhogo.

"Uliwaingiza saa ngapi?"

"Mchana. Baada ya Ijumaa."

"Wote mara moja?"

"Wote."

"Na chakula ukamwaga pamoja."

"Beseni moja, ndiyo."

Shangazi alitupa kisu akajipiga paja. "Ya Rabi! Mtu kaoa mke wa pili, kamleta nyumbani saa saba mchana, kawapa wote sahani moja na kijiko kimoja, halafu yeye anashangaa kelele zinatoka wapi!"

Alituonyesha, bila kuacha kumcheka. Wageni aliwaweka kwanza upande wa pili wa uzio wa vijiti, waonane na kusikiana mpaka wachoke kutazamana. Kisha aliwaingiza bandani baada ya magharibi, wenyeji wakiwa wamelala, waamke pamoja wakidhani walikuwa pamoja siku zote. Chakula alikiweka sehemu mbili zisizoonana. Ya wadogo ilikuwa ndani ya tundu la vijiti lenye nafasi ambazo kuku mwembamba alipita na mnene akabaki nje akipiga kelele. Vijiti vya kulalia wazito vilikuwa vinene na vya chini, vya wepesi vilikuwa juu. Na mayai ya kuku mkubwa, akimpa mdogo aatamie, alimpa machache, kwa sababu mbawa fupi hazifiki kote na ya pembeni hupoa. Baba alishika kila kitu kwa mikono, akapima nafasi za vijiti kwa vidole. Sijawahi kumwona bandarini akiwa na furaha hivyo.

Lakini Shangazi alikuwa ameliona sanduku.

"Hili la nini? Nguo zako zote?"

Baba alitazama mabata.

"Abdu. Umefukuzwa?"

"Sijaambiwa."

Wote wawili wakageuka kunitazama. Nilikuwa nikihesabu kuchi.

"Echati, mwanangu," Shangazi alisema kwa sauti ya asali, "bibi yako alisema nini hasa?"

"Alisema banda ni dogo."

Shangazi alinikazia macho muda mrefu, kisha akaangua kicheko mpaka shiromani ikamlegea. "Huyu mtampeleka sokoni mapema," alimwambia Baba. Halafu akaacha kucheka. "Sikiliza. Kama hujaambiwa, hujafukuzwa. Basi rudi kabla hujaambiwa."

Tulirudi na boti ile ile na mzigo wa fito za mwitu, kana kwamba Moroni hakuna miti. Koko alikuwa mlangoni. "Kwezi," Baba alisema. "Mbona," Koko alijibu, na kumpisha, si sana. Baba aliliacha sanduku ukumbini, ukutani, halijafunguliwa, akapita moja kwa moja hadi uani kufunga fito. Hakuambiwa aingize nguo chumbani na hakuthubutu kuziingiza. Usiku alilala, mchana alijenga, kila asubuhi akachomoa shati moja sandukuni na kulifunga tena, na sote tukawa tunapita kwa ubavu kuzunguka sanduku lile kama vile ni mgeni aliyekaa njiani ambaye hakuna mwenye ujasiri wa kumwondoa. Mama alilipangusa vumbi. Hakulifungua.

Uani nilikuta la kushangaza. Kishingo alikuwa ameatamia tena, na chini yake, nilipomwinua mkia, kulikuwa na mayai makubwa meupe. Yale ya wanawake wa serikali.

"Nani kaweka, Koko?"

"Kuku kajiwekea."

"Yamefikaje kutoka kwenye kuni?"

"Waniuliza mimi? Muulize kuku."

Yalikuwa kumi na moja, nikahesabu tena, kumi na moja, na ya pembeni yalikuwa ya baridi. Nilimweleza Koko habari ya mbawa fupi, bila kusema nimeitoa wapi. Tulibishana. Yeye alitaka kuondoa moja, mimi nilitaka yabaki sita, tukamalizia saba, na aliyoyaondoa tuliyala na mihogo. Koko alimaliza kula ndipo akasema, bila kunitazama, "Hiyo ni akili ya Mutsamudu." Huo haukuwa ujumbe wa kupelekwa, lakini niliupeleka, tena bila kuongeza kitu.

Uzio ulipokwisha, na wakubwa wakaanza kuzoea kula upande wao, gari la kambini likasimama mbele ya nyumba. Alishuka mzungu mmoja kijana, mwekundu wa jua, nguo nyeusi, bunduki begani, na askari wa kwetu wa kumtafsiria. Kambini kulikuwa na karamu. Mwenzao aliyeondoka alikuwa na kuku wakubwa, wamesikia wako hapa. Askari alisema kwa aibu, akitazama viatu vyake. Mzungu hakungoja, alishapita ukumbini, akaruka sanduku, akawa uani anawaonyesha kidole mmoja mmoja. Wote watano. Kisha akamwona kishingo kapuni, akacheka, akainama amwinue.

Majirani walikuwa wamefunga madirisha. Siku zile watu hawakubishana na nguo hizo. Mtu aliyebishana aliitwa kuhojiwa, na kurudi kwake kulikuwa bahati. Baba alisogea mbele, uso umemtoka rangi. Alikijua Kifaransa cha ghalani, lakini alizungumza na askari kwa lugha yetu. "Mwambie wakubwa ni wangu mimi. Awachukue wote. Hao wadogo na hilo kapu ni vya mwenye nyumba, asiviguse." Niliona alichokuwa akifanya. Alikuwa akilipa kwa alichonacho ili nyumba ibaki salama, na akiisha kulipa hakitabaki chake chochote uani, na ukumbini kuna sanduku lililokwisha fungwa.

Ndipo Koko akatoka jikoni. Alikuwa na mwiko mkononi na leso imemteleza begani. Hakuniangalia mimi. Hakusema, "Echati, mwambie."

"Abdu!" alisema. Sikuwahi kulisikia jina hilo kinywani mwake. "Abdu, mwanangu, unagawaje kuku wa nyumba hii bila kuniuliza?"

Baba aligeuka kama mtu aliyeitwa na mtu ambaye hakudhani yuko hai.

"Nisamehe, mama," alisema.

"Wakubwa na wadogo, wote ni wa hapa. Wamewekewa harusi. Na wewe," akamgeukia askari, "mwambie huyo mtoto akiona njaa aende kwa mama yake."

Askari alikuwa kijana wa vijiji vya juu, na anda anaijua. Alimwambia mzungu kwa Kifaransa, nami nilikuwa nimeshaanza kukielewa shuleni: "Bibi anakukaribisha sana. Anasikitika kwamba kuku hawa wamewekwa nadhiri kwa sherehe ya dini." Nilimtazama kwa heshima. Nilidhani kazi ile naifanya peke yangu visiwani.

Mzungu alimtazama Koko, akautazama mwiko. Alicheka, akapandisha mabega. Akamkamata jogoo la kahawia miguu, akaweka noti moja juu ya tangi, pasipo mtu kumtajia bei, akatoka kichwa cha jogoo kikining'inia na kumtazama kila mmoja wetu. Gari likaondoka. Hiyo ndiyo ilikuwa namna yao ya kununua.

Koko alirudi jikoni, akakoroga sufuria iliyokuwa haihitaji kukorogwa. Kisha nikasikia sauti yake kupitia dirisha, ile ya kila siku, ya heshima.

"Echati! Mwambie baba yako sanduku lake linaziba njia. Mama yako achukue nguo azitundike."

Nilikwenda barazani, hatua zote, na kumwambia neno kwa neno. Ulikuwa ujumbe pekee usiohitaji kupunguzwa wala kuongezwa. Baba alisema, "Mwambie nimesikia."

Kati ya saba vilianguliwa vitano. Vilikuwa vya rangi ya kahawia na majivu, viwili shingo tupu kama jogoo letu dogo, na kabla ya miezi mingi vilimpita mama yao kimo, akawa anavikanya akiwa ameinua kichwa. Waliofuata nao wakawa hivyo, si wakubwa kama wa kambini wala wepesi kama wetu, na walijua kuatamia. Harusi ya Sitti ilifanyika. Bwana harusi alikula, marafiki zake walikula, na mwanamke mmoja maarufu kwa kutafuta kasoro alipokea paja, akaligeuza, akaligeuza tena, akakosa la kusema. Koko alimtazama akikosa la kusema, kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Na waliopika walipouliza kuku wa namna hii kawatoa wapi, akajibu, "Wa mkwe wangu." Bangweni Baba aliendelea kukaa pembeni, hilo halikubadilishwa na kuku.

Yeye na Koko waliendelea kutozungumza hadi Koko alipofariki, na ni Baba aliyebeba upande wa mbele wa jeneza. Nyumba sasa ni yangu. Palipokuwa na banda pana chumba cha saruji, na ndani yake majokofu mawili, kwa sababu nauza mabawa ya kuku, yale ya katoni, yanayotoka nchi nisizozijua. Hapa siku hizi hakuna harusi bila mabawa. Yote ni saizi moja, rangi moja. Nimeyafungua maboksi maelfu na sijawahi kuona bawa linalomwonea jingine. Wala huwezi kubishana nalo. Uzito umepigwa chapa kwenye boksi, na nikiuhesabu mara mbili unatoka ule ule.

Mkwe wangu naye anakaa hapa, kijana mzuri, fundi wa umeme. Ananipigia simu akiwa chumba cha pili. "Mama, umeme wa jokofu umekatika, njoo uone," au "Mama, leo wali umeungua." Moja kwa moja, hakuna aliyemtuma mtu. Ni haraka, na mjukuu wangu hana kazi ya kutembea ukumbini, anacheza. Nimejaribu kupiga hesabu tumepata nini na tumepoteza nini. Huwa nasikia ananiita mama mara kumi kwa siku, kwa sababu ya jokofu, kwa sababu ya funguo, kwa sababu ya bure tu. Baba yangu aliruhusiwa kulisema neno hilo mara moja, mbele ya bunduki, na nadhani katika nyumba hii bado ni lile lake lililosikika zaidi.